Gari la Umeme Mbeya na Iringa: Nani Anafaidika, Nani Anaumia

Mtu wa Mbeya akianza kufikiria gari la umeme, swali lake la kwanza huwa: serikali imetupunguzia nini? Amesikia Rwanda wamefuta kodi, Kenya wana bei yao ya umeme wa kuchajia, Ethiopia wamepiga marufuku magari ya mafuta kuingia nchini. Naye anataka kujua fungu lake liko wapi. Fungu lake lipo, ila halikuandikwa kwa jina la gari la umeme, na sehemu yake kubwa haiko bandarini anakoitafuta. Iko kwenye kituo cha mafuta na kwenye LUKU.

Tuwatazame majirani kwanza. Aprili 2021 Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha mkakati wa usafiri wa umeme: magari, spea, betri na vifaa vya kuchajia vikaondolewa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, na vituo vya kuchajia vikaruhusiwa kununua umeme kwa bei ya viwanda. Kenya ilishusha ushuru wa bidhaa wa magari yanayotumia umeme mtupu kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, kisha mwaka 2023 mamlaka yao ya nishati, EPRA, ikaidhinisha bei ya pekee ya kuchajia, shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na 8 katika saa ambazo watu wengi wamelala. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2024 ilifunga mlango kwa magari ya petroli na dizeli.

Kwetu mambo ni ya kimya zaidi. Katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki gari dogo la abiria hulipa asilimia 25, liwe la petroli au la umeme. Kila mwisho wa Juni gazeti la Jumuiya hutoka na orodha ya bidhaa ambazo nchi fulani imeruhusiwa kutoza tofauti kwa mwaka mmoja, kwa hiyo anayeagiza gari mwezi Agosti asitumie hesabu aliyopewa Mei. Juu ya ushuru huo huja VAT ya asilimia 18. Halafu huja ushuru wa bidhaa, na hapo ndipo mambo yanapogeuka.

Ushuru wa bidhaa wa gari la mafuta hufuata ukubwa wa injini. Lisilozidi cc 1,000 halitozwi, la kuanzia hapo hadi cc 2,000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi hapo asilimia 10. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: gari lenye miaka 8 hadi 10 tangu litengenezwe huongezewa asilimia 15, na lililopita miaka 10 huongezewa 30. Gari la umeme halina injini ya kupimwa kwa cc. Likiwa bado halijafika miaka 8, kodi kubwa zinazobaki ni mbili tu, ile 25 na ile 18, pamoja na ada ndogondogo za reli na forodha ambazo kila gari hulipa.

Tuweke namba. Bei nitakazotumia ni za mfano. Wewe weka za kwako. Tuseme Toyota IST ya cc 1,300 iliyopita miaka 10 imefika bandarini kwa milioni 8, ikiwa ni bei, bima na meli. Ushuru wa forodha ni milioni 2. Ushuru wa bidhaa, 5 na 30 kwa pamoja, hupigwa juu ya milioni 10, unapata milioni 3.5. VAT hupigwa juu ya milioni 13.5, unapata milioni 2.43. Jumla ya kodi ni karibu milioni 7.9, yaani gari limejinunua mara mbili. Sasa chukua Nissan Leaf ambayo haijatimiza miaka 8, imefika kwa milioni 16. Forodha ni milioni 4, VAT juu ya milioni 20 ni 3.6, jumla milioni 7.6. Gari la bei mara mbili limelipa kodi ndogo kuliko IST! Ukiyatoa bandarini, IST limesimama kwenye milioni 15.9 na Leaf milioni 23.6. Pengo ni milioni 7.7. Kodi hazijalifuta pengo hilo, lakini hazijalipanua.

Faida hiyo huyeyuka mara tu mnunuzi anapokwenda kutafuta Leaf ya bei rahisi. Leaf zilianza kuuzwa Japani Desemba 2010 zikiwa na betri ya uniti 24. Baadaye zikaja za 30, za 40 kuanzia mwishoni mwa 2017, na za 62 mwaka 2019. Uniti hizo ni zile zile unazonunua kwenye LUKU. Zile za mwanzo ndizo zinazovutia macho kwa bei. Lakini zimeshapita miaka 10, kwa hiyo zinabeba asilimia 30 ya uchakavu, na zinabeba pia betri iliyochoka. Mnunuzi analipa faini ya uzee kwa serikali, kisha analipa uzee wenyewe barabarani. Nikiambiwa nitoe onyo moja tu kwa anayeagiza gari la umeme mtandaoni, ni hilo.

Twende kwenye LUKU. Bei za TANESCO zilizopangwa mwaka 2016 hazina fungu la magari. Una makundi mawili ya kujali. Kundi la T1, ambalo wengi wanaliita Tarifu 1, ni shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT 18, REA 3 na EWURA 1, unafika karibu 356. Ndiyo maana elfu kumi hukupa uniti 28. Kundi la D1, lile la Tarifu 4, ni la nyumba zinazotumia uniti 75 au pungufu kwa mwezi, na huko uniti ni shilingi 100, sawa na 122 baada ya makato. Ukizidisha 75, kila uniti ya ziada ni 350, sawa na 427 pamoja na makato, na ukiendelea kuzidisha unahamishiwa T1.

Gari la umeme linaingia katika hesabu hiyo kama mgeni anayekula kuliko wenyeji wote. Leaf kwenye vilima vyetu itakula uniti kama 17 kwa kilomita 100, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, hizo ni uniti 170. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 70 kwa bei ya D1 ilikuwa inalipa shilingi 8,540. Ikishahamishiwa T1, uniti zile zile 70 za taa, redio na pasi zinagharimu karibu 24,900. Shilingi 16,400 zimeongezeka kila mwezi kabla gari halijasogea. Wauzaji wa magari hawaitaji gharama hii, na sioni ajabu, maana wengi wao wapo Dar es Salaam wanakotumia viyoyozi na hawajaiona D1 miaka mingi. Mwenye nyumba Ilemi ya Mbeya au Mwangata ya Iringa aiweke kwenye daftari. Anaweza kuomba mita ya pili kwa ajili ya gari peke yake. Akikubaliwa, na kama nguzo iko ndani ya mita 30, kuunganishiwa umeme mjini ni shilingi 320,960, fedha inayorudi kwa takriban miezi 20.

Hata hivyo petroli inashindwa vibaya. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kila wilaya, na Mbeya huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yamepanda lori hadi huku. Tuchukue shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. IST inayokwenda kilomita 13 kwa lita inakula shilingi 23,100 kwa kilomita 100. Leaf kwa bei ya T1 inakula kama 6,050. Tofauti ni 17,000 kwa kila kilomita 100.

Hapa ndipo lilipo fungu nililolitaja mwanzoni. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mota kutumia nishati vizuri kuliko injini. Sehemu nyingine ni kodi. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile tuliyoiita road license, na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Mwaka 2021 ikaongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini, na 2023 ikaongeza nyingine 100 kwa miradi ya kimkakati. Ukijumlisha ushuru na tozo zote, kila lita ya petroli inabeba zaidi ya shilingi 800 za serikali. Mwenye IST anayechoma lita 77 kwa mwezi anachangia zaidi ya 61,000. Mwenye Leaf anachangia kupitia makato ya LUKU kama 10,900. Amepewa punguzo la kama elfu hamsini kwa mwezi na wala hakuna waziri aliyelisoma bungeni.

Punguzo lisiloandikwa halina ulinzi. Magari ya gesi yalikuwa yakifaidi hivyo hivyo, na kwenye bajeti ya 2024/25 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, akapendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya kuendeshea magari, kwa hoja kwamba nayo yanatumia barabara. Hoja hiyo haina kasoro. Ni hoja inayoweza kusomwa tena siku yoyote, safari hiyo ikiwalenga wenye betri. Anayenunua gari leo kwa matumaini ya kulitumia miaka minane asipige hesabu yake yote juu ya tozo ambayo haijatungwa.

Sasa turudi kwenye lile pengo la milioni 7.7, maana hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Wastani wa riba za mikopo benki zetu kwa miaka ya karibuni umekaa kwenye asilimia 15. Ukikopa pengo hilo, mwaka wa kwanza riba peke yake ni kama 1,155,000. Ukitoa fedha yako mwenyewe, ujue ingeweza kufanya kazi nyingine shambani au dukani, kwa hiyo hesabu ni ile ile. Mwalimu wa Forest, Mbeya, anayekwenda kazini na kurudi, sokoni Jumamosi na kanisani Jumapili, hafikishi kilomita 500 kwa mwezi. Kwa mwaka ameokoa shilingi 1,020,000 kwenye mafuta. Riba imekula yote na bado inadai. Huyu abaki na IST lake. Hakuna aibu.

Anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi anaokoa milioni 2.04, riba inaondoka, anabaki na kama laki tisa. Anayetembea 1,500 anaokoa zaidi ya milioni 3, na pengo linaanza kuzibika kweli. Oili, plagi na filta haviko tena; breki hudumu kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo. Lakini usizitie mfukoni fedha hizo haraka. Bima ndogo ni shilingi 118,000 kwa magari yote mawili, ila bima kubwa hukatwa kwa asilimia ya thamani, na kwa kiwango cha chini cha mamlaka ya bima, TIRA, cha asilimia 3.5 pamoja na VAT, gari lililozidi kwa milioni 7.7 linalipa zaidi kwa karibu 318,000 kila mwaka. Ulichookoa kwenye oili kimekwenda huko. Na gari la aina hii silishauri litembee kwa bima ndogo. Likipigwa chini ya sakafu na betri ikaumia, bei ya betri yaweza kufika nusu ya bei ya gari au kuipita.

Kwa hiyo gari la umeme linamlipa anayetembea sana. Ila huku Nyanda za Juu Kusini, anayetembea sana mara nyingi anatembea mbali, na mbali ndiko gari hili linakoshindwa.

Kutoka Mbeya kwenda Kyela ni zaidi ya kilomita 100. Unapita Uyole, unapanda mpaka Isongole, kisha unateremka Kiwira, Tukuyu, mpaka kando ya Ziwa Nyasa ambako ni chini ya Mbeya kwa zaidi ya mita 1,000. Kwenda ni raha, mota inarudisha umeme kwenye betri kila unapoachia mwendo. Kurudi ni deni. Kuinua gari la tani moja na nusu mita 1,000 kunakula kama uniti 4, juu ya zile za kusukuma tairi, na kutoka Kyela hadi Isongole mwinuko ni zaidi ya huo. Leaf ya zamani ya uniti 24 iliyobakiwa na 16 haitoki Kyela ikafika Mbeya kwa chaji moja. Ya uniti 40 inafika, mradi usiwe umezunguka sana huko Ipinda na Matema kabla ya kugeuza.

Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 330. Leaf ya 40 ikiwa mpya kabisa inajivuta kilomita mia mbili na kitu kwenye mwendo wa barabara kuu. Maana yake utalala Makambako, kwa kuomba soketi ya gesti na kumweleza mhudumu kwamba unataka kutumia uniti 30 usiku mmoja. Jiandae kumlipa, nyumba nyingi huko hazitumii uniti hizo kwa wiki mbili. Kwenda Dar es Salaam kutoka Iringa ni kilomita 500, kuna Kitonga, kuna Mikumi, na soketi ya kawaida inakujazia uniti mbili hadi tatu kwa saa. Piga hesabu mwenyewe ni siku ngapi. Basi la usiku linakuacha mbali.

Hata safari ya kwanza kabisa, ya kulileta gari kutoka bandarini, ina gharama zake. IST unampa dereva, kesho yake lipo Mbeya. Leaf italazimika kupanda lori la kubebea magari, yale yale yanayopita kwenda Tunduma kila siku. Omba bei hiyo kabla hujalipia gari, uiongeze kwenye lile pengo.

Lakini mjini mambo ni tofauti, na hapa nyanda za juu zina bahati ambayo Dar es Salaam haina. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza. Joto ndilo huizeesha, kama walivyogundua wenye magari hayo Arizona kule Marekani mapema kabisa mwaka 2012. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, Iringa karibu na 1,600, na hali ya hewa ya huku ndiyo betri hiyo inayoipenda. Baridi ya Juni na Julai itakupunguzia mwendo kidogo asubuhi, basi. Halafu kuna hewa yenyewe. Injini ya petroli huku juu inavuta hewa nyepesi, inapoteza nguvu, ndiyo maana Passo iliyojaa watu inapanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini kwa kunung'unika. Mota ya umeme haivuti hewa. Mlima wa Ipogolo inaupanda kwa nguvu ile ile ambayo ingekuwa nayo Kigamboni. Kitu kimoja tu kwa wakazi wa Gangilonga: usiijaze betri hadi asilimia 100 kama safari yako inaanza kwa kuteremka, maana betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme unaorudi, na breki ndizo zitakazofanya kazi yote.

Umeme wenyewe je? Waliopitia mgawo wa mwishoni mwa 2023 hawajausahau. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa Februari 2024, na bwawa lote lina megawati 2,115, kwa hiyo tatizo la sasa si uhaba tena, ni nyaya na transfoma. Kukatika kwa saa mbili usiku hakumwathiri anayechaji kwa saa nane. Kinachoathiri zaidi ni umeme hafifu mwishoni mwa laini, na waya wa nyumba uliofungwa kwa ajili ya taa na redio. Usichomeke gari kwenye soketi ya sebuleni. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, akuvutie waya wake mnene kutoka kwenye meni swichi, wenye sakiti breka yake na arthi inayofanya kazi kweli. Ukipanga chumba, au unaegesha nje ya geti, acha kwanza.

Mafundi ni suala jingine. Mwanjelwa kuna watu wanaoweza kuishusha injini ya IST na kuirudisha kabla ya adhuhuri. Kwa gari la umeme, bushi, shokapu, taa na betri ndogo ya volti 12 watakutengenezea. Betri kubwa na mota, mpaka upate mtaalamu, na mtaalamu huenda akatoka Dar es Salaam kwa nauli yako. Dhamana ya kiwandani haisafiri na gari la mtumba. Kwa hiyo kabla ya kulipa, taka picha ya dashibodi: Leaf ina visanduku 12 vidogo pembeni vinavyoonyesha afya ya betri, na kila kinachokosekana ni kilomita zilizopotea. Kuna pia programu ya simu, LeafSpy, inayosoma hali ya betri kwa undani kwa kutumia kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye gari. Muuzaji akikataa kukuonyesha, hilo nalo ni jibu. Uliza pia tundu la kuchajia haraka ni la aina gani. Magari ya Japani hutumia CHAdeMO, ya Ulaya CCS2, na yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China hutumia GB/T. Leo utachaji nyumbani na haitakusumbua. Kituo cha kwanza kitakapojengwa barabara hii, utataka kuwa na tundu linalolingana nacho.

Kati ya gari la petroli na la umeme kuna jingine ambalo wengi wanalisahau: la haibridi, kama Toyota Aqua. Linajichaji lenyewe, halidai LUKU, linakwenda Kyela na Dar es Salaam bila kuuliza, na kilomita 20 kwa lita si ajabu kwake. Kwa petroli ya 3,000 hizo ni shilingi 15,000 kwa kilomita 100. Halipati punguzo lolote la tozo, na injini yake ya cc 1,496 hutozwa ile asilimia 5. Betri yake nayo huchoka, ila ni ndogo na bei yake inavumilika kuliko ya Leaf. Kwa familia yenye gari moja, yenye wazee Tukuyu na watoto shule Njombe, hilo ndilo ningelichagua kwa sasa. Gesi siihesabu, maana vituo karibu vyote viko Dar es Salaam na Pwani.

Anayetembea sana bila kwenda mbali ni nani basi? Simama Kabwe, Mbeya, saa kumi na mbili asubuhi utamwona. Dereva wa bajaji. Anazunguka Soweto, Mwanjelwa, Sokomatola, Isanga, kilomita 100 kwa siku, na usiku bajaji inalala mahali pamoja. Bajaji ya petroli inayokwenda kilomita 25 kwa lita inakula lita 4, shilingi 12,000. Ya umeme inayotumia uniti 8 kwa umbali huo inakula kama 2,850 kwa bei ya T1. Tofauti ni zaidi ya 9,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya 230,000 kwa mwezi. Hiyo ni fedha inayoonekana hata baada ya kumpelekea tajiri hesabu yake. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya vyombo vya umeme vinavyotembea Tanzania ni vya miguu mitatu na miwili, wala si magari ya wakubwa.

Nako kuna mitego. Bajaji nyingi za bei ya chini kutoka China huja na betri za asidi, nzito, zinazokufa mapema. Taka za lithiamu hata kama bei ni kubwa. Na usiinunue kwa kuijaribu tambarare. Ipakie abiria watatu, uipandishe mlima wenyewe, iwe ni kutoka Ipogolo kama uko Iringa, au vilima vya Itiji kama uko Mbeya, betri ikiwa imebaki nusu. Ikipanda bila kuchemka, zungumza bei.

Kwa ninavyoona, aliye chini ya kilomita 800 kwa mwezi asihangaike na gari la umeme. Tofauti ya bei haitarudi. Aliye juu ya hapo, anayezunguka ndani ya mji, mwenye uzio wake, mita ya T1 na gari jingine la safari ndefu nyumbani, achukue Leaf ya uniti 40 ambayo haijatimiza miaka 8. Mwenye gari moja la kila kazi achukue haibridi. Mwenye mtaji wa kununua chombo cha biashara anunue bajaji ya umeme yenye betri ya lithiamu. Na yeyote atakayeagiza, akapitishe namba zake kwenye kikokotoo cha TRA mwenyewe kabla ya kumtumia muuzaji hata dola moja, akihakikisha mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa hapo ni ule ule ulio kwenye karatasi za gari.